Mwachie Mgeni Njia: Ushauri kwa Wenye Tovuti wa Makutano

Swali hunifikia kwa sura tatu au nne, lakini ni lile lile. Mama mwenye gesti Makutano ya mjini Meru anasema watu huingia kwenye tovuti yake, huangalia picha za vyumba, kisha humpigia simu kumuuliza, "Hii gesti ipo kweli?" Muuza mchele aliye karibu na Makutano ile nyingine, pale barabara ya Embu inapoachana na ya Nyeri, analalamika kwamba wateja wa Nairobi hujaza oda mpaka mwisho, halafu hutoweka wakifika kwenye ukurasa wa malipo. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Chuka, ambaye sasa anawatengenezea watu tovuti, anataka kujua kama kuna rangi, nembo au maneno fulani yatakayomfanya mteja aamini.

Rangi hiyo haipo, na maneno hayo hayapo. Mtu huiamini tovuti kwa jinsi inavyomtendea anapotaka kuuliza, kukataa au kuondoka. Nitaeleza hatua za kuchukua, moja baada ya nyingine, na mahali ambapo wengi huteleza.

Kwa nini wanasita

Usimkasirikie mteja anayepiga simu kuuliza kama upo. Huenda aliwahi kutuma amana ya nyumba isiyokuwepo, au jirani yake alituma. Huenda alinunua mchele wa pishori wa Mwea kando ya barabara, akaupika, ile harufu yake isitoke, akajua amechanganyiwa.

Pale kando ya barabara angalau aliweza kuchota punje mkononi, kuzinusa, na kumtazama muuzaji usoni. Kwenye simu hana pua ya kunusia. Tovuti yako ni gunia lililoshonwa mdomo, na kazi yako ni kulifungua.

Anza na njia ya kutokea

Wengi huanza kwa kupamba mlango wa kuingilia. Mimi nakuomba uanze nyuma. Fanya hivi:

1. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti yako: shangazi, jirani, mwanabodaboda wa steji yako. Mpe simu ya kawaida, si kompyuta.
2. Mwombe afanye mambo manne: ajue bei kamili, akatae kutumiwa matangazo, aghairi oda aliyoiweka, na apate namba ya mtu wa kuzungumza naye.
3. Kaa kando, unyamaze. Usimwonyeshe kidole pa kubonyeza, hata akihangaika.
4. Andika kila mahali alipokwama, alipokunja uso, au alipouliza "sasa hapa wanataka nini?"
5. Rekebisha hayo kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Nimeliona jaribio hili likiwatoa watu jasho. Mwenye duka huwa ameizoea tovuti yake hivi kwamba haoni tena kuwa kitufe cha "Nunua" kimechukua nusu ya kioo, na neno "Ghairi" limeandikwa kwa kijivu hafifu chini kabisa.

Mitego ya aina hii ina historia. Mwaka wa 2010 mbunifu Mwingereza, Harry Brignull, aliipa jina na kuanza kukusanya mifano yake hadharani. Kampuni kubwa haziko nje ya lawama. Juni 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliishtaki Amazon kwamba iliwaingiza watu kwenye huduma yake ya kulipia ya Prime bila wao kukubali kwa hakika, na kwamba iliifanya njia ya kujitoa kuwa ndefu na ya kuchosha. Ndani ya kampuni, njia hiyo ya kujitoa ilikuwa imepewa jina la Iliad, ule utenzi mrefu wa vita wa Wagiriki wa kale. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi.

Wewe huna dola bilioni. Una jina lako Makutano, na watu wanaokujua kwa sura.

Kanuni yangu ni fupi: hatua za kutoka zisizidi hatua za kuingia. Kama mtu aliweka oda kwa kubonyeza mara tatu, asilazimike kupiga simu saa za kazi, kuandika barua pepe na kueleza sababu ndipo aruhusiwe kuighairi. Na kitufe cha kukataa kisimfedheheshe. Nimeona tovuti ambayo kitufe chake cha kukataa kinasema, "Hapana, sipendi kuokoa pesa." Mteja wako ni mtu mzima. Andika "Hapana," basi.

Bei iwe moja, tangu mwanzo

Niliwahi kuandikisha chumba mtandaoni kwenye mji mmoja wa mlimani. Bei ya ukurasa wa kwanza ilinipendeza. Ukurasa wa pili ukaongeza kodi, wa tatu ukaongeza "ada ya huduma", na nilipofika mapokezi nikaambiwa kifungua kinywa ni pembeni. Jumla haikuwa kubwa sana, na kama ningeambiwa mapema ningeilipa bila kulalamika. Lakini sijarudi pale tena, na kila anayeniuliza pa kulala mji ule namwelekeza kwingine.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi maelezo muhimu na nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa kabla ya mapatano. Kwa vitendo ni hivi:

- Gesti: bei ya chumba kwa usiku mmoja, kodi ikiwa ndani, na neno moja kuhusu kifungua kinywa: kimo au hakimo.
- Mchele, makadamia, asali: bei ya kilo pamoja na gharama ya kusafirisha mpaka Embu, mpaka Nairobi, mpaka Mombasa. Kama husafirishi Mombasa, sema.
- Nyumba za kupanga: kodi ya mwezi, amana, maji, takataka, na kama kuna ada ya kuonyeshwa nyumba.

Usiweke saa inayohesabu kurudi nyuma wakati ofa yako haiishi. Usiandike "vimebaki vyumba 2" kama hukuvihesabu. Mteja akifungua tena kesho akaikuta ile saa imeanza upya, hata yaliyo ya kweli kwenye ukurasa wako hatayaamini.

Pale kwenye malipo

Hapa ndipo muuza mchele wetu anapopoteza watu, na mara nyingi sababu ni jina tu. Mteja anataka kulipa kwa M-Pesa. Tovuti inasema duka linaitwa hivi, lakini jina linalojitokeza kwenye simu yake ni la mtu binafsi ambaye hajawahi kumsikia. Anasita, anafuta, anaondoka. Amefanya jambo la busara.

- Andika juu ya kitufe cha kulipa: "Jina litakaloonekana kwenye simu yako ni hili," kisha uliandike kama lilivyo, herufi kwa herufi.
- Ikiwezekana, sajili till au paybill kwa jina la biashara.
- Ujumbe wa kuomba PIN utokee kwenye simu ya mteja baada tu ya yeye mwenyewe kubonyeza "Lipa", si kabla. Ukimtokea ghafla, atadhani anaibiwa.
- Kamwe usiweke kwenye tovuti kisanduku cha kuandikia PIN ya M-Pesa. PIN ina mahali pamoja tu, nako ni kwenye simu ya mwenyewe.
- Andika masharti ya kurudisha pesa kabla ya malipo: unarudisha kiasi gani, ndani ya siku ngapi, na kwa namba ipi.

Kuhusu ile alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani ya tovuti: iweke, kwa maana inalinda taarifa zinazosafiri kati ya simu ya mteja na tovuti yako, na cheti chake hupatikana bila malipo. Lakini usiitangaze kama ushahidi wa uaminifu wako. Tapeli naye ana kufuli.

Fomu: uliza unachohitaji tu

Fungua fomu yako, kisha kwa kila kisanduku jiulize, "Nikikosa hiki, nitashindwa kumhudumia?" Kama jibu ni la, kifute.

Anayeandikisha chumba anahitaji kutoa jina, namba ya simu, tarehe ya kufika na ya kuondoka. Namba ya kitambulisho itaandikwa akifika mapokezi, kwa hiyo haina kazi kwenye tovuti. Tarehe ya kuzaliwa haina kazi. Dini, kabila na hali ya ndoa hazina kazi kabisa, na nimewahi kuziona zikiulizwa.

Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyojengwa juu ya haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba. Inataka uchukue taarifa kwa sababu iliyo wazi, uchukue kiasi kinachohitajika, na usizitumie kwa jambo jingine. Mnakumbuka foleni za mradi wa Worldcoin pale KICC, Nairobi, Agosti 2023: watu wakisimama kwa saa nyingi wapigwe picha ya mboni ya jicho, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ya mwili ifutwe. Mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni hili: je, ridhaa iliyochochewa na pesa ni ridhaa?

Kwako wewe, ridhaa ina masharti manne rahisi:

- Kisanduku cha "Nakubali kutumiwa matangazo" kiwe kitupu. Mteja ndiye atie alama. Mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa alama mapema si ridhaa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeamua hivyo.
- Kununua kusifungwe na kukubali matangazo. Ni mambo mawili tofauti.
- Kila ujumbe wa matangazo uwe na njia rahisi ya kujitoa, na isimgharimu mtu.
- Maelezo yawe kwa Kiswahili chepesi. Kurasa kumi na mbili za Kiingereza cha mawakili, zilizonakiliwa kutoka tovuti ya Marekani, hazimwambii chochote mkulima wa Runyenjes. Aya tano zinatosha: tunachukua nini, kwa nini, nani anaona, tunakaa nazo muda gani, utuambie vipi tuzifute.

Picha za watu, hasa za watoto

Hapa naomba shule, makanisa na vilabu vya Makutano vinisikilize.

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ikiongozwa na Immaculate Kassait, ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila idhini yake. Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine, kisha watu hao wakatumiwa ujumbe na kupigiwa simu za vitisho.

Picha ya mteja wa klabu huenda ilionekana kama tangazo zuri. Aliyepigwa picha hakuulizwa.

Kabla ya kupandisha picha:

1. Mwonyeshe mhusika picha yenyewe, na umwambie itawekwa wapi.
2. Kama ana chini ya miaka 18, zungumza na mzazi au mlezi. Sahihi ya siku ya kujiunga na shule, iliyofichwa katikati ya orodha ya sare na daftari, si mazungumzo.
3. Weka kumbukumbu ya ridhaa hiyo, hata kama ni daftari la kawaida.
4. Akibadilisha nia, iondoe. Usimwulize sababu.

Picha za vyumba nazo ziwe za vyumba vyako. Kitanda ulichokinakili kutoka hoteli ya Dubai kitamfanya mgeni akudharau akiingia mlangoni, hata kama chumba chako ni kisafi na shuka zinanukia jua.

"Lakini mimi ni mdogo"

Hili nalisikia kila mara, kwa hiyo nitalijibu kikamilifu. Kanuni za usajili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data, zilizoanza kutumika Julai 2022, zinamwondolea sharti la kujisajili kwa Kamishna yule ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na ana wafanyakazi chini ya 10. Yote mawili kwa pamoja. Lakini zipo kazi ambazo lazima zisajiliwe hata ziwe ndogo namna gani, zikiwemo huduma za malazi na ukarimu, elimu, afya, usimamizi wa nyumba, huduma za fedha na za uchukuzi. Kwa hiyo gesti ya vyumba sita inaguswa, na chekechea pia.

Na hata asiyetakiwa kujisajili bado anabanwa na sheria yenyewe. Kusajiliwa ni jambo moja, kutii ni jingine.

"Mauzo yatashuka"

Baadhi ya namba zitashuka, sikufichi. Ukiondoa ile alama iliyotiwa mapema kwenye kisanduku cha matangazo, orodha yako ya watu wa kutumia matangazo itapungua. Watakaobaki ni wale walioomba kusikia kutoka kwako. Orodha fupi ya watu wanaofungua ujumbe inauza kuliko orodha ndefu ya watu wanaokufungia namba.

"Fundi ndiye aliyeiweka hivyo"

Sheria haitamtafuta fundi kwanza. Itakutafuta wewe, kwa kuwa wateja ni wako. Muulize fundi wako maswali haya, na udai majibu kwa maandishi:

- Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Kama ni la .co.ke, mwenye jina awe wewe au kampuni yako. Nawajua watu waliokosana na fundi wakapoteza anwani waliyoichapisha kwenye kila risiti na kila gari.
- Nani mwingine ana nywila ya kuingia ndani?
- Fomu inapeleka taarifa wapi? Kwenye barua pepe yako, au yake?
- Umeondoa vitu vilivyokuja na kiolezo? Violezo vingi huja na shuhuda za watu wasiokuwepo, wenye majina ya Kizungu na nyuso za kununuliwa.

Juu ya shuhuda sina mengi ya kusema: usizitunge, na usifute zenye lawama. Ijibu lawama kwa adabu, useme ulichorekebisha. Msomaji atajifunza mengi zaidi kutokana na jibu lako kuliko kutokana na nyota tano ishirini.

Bando la mteja ni pesa yake

Video inayojicheza yenyewe ukurasa ukifunguka inakula bando la mtu bila kumuuliza. Punguza uzito wa picha, acha video isubiri kubonyezwa, na uweke namba ya simu na ramani kwenye ukurasa wa kwanza ulio mwepesi. Ijaribu ukiwa mahali ambapo mtandao ni hafifu, kwa maana huko ndiko wateja wako wengi walipo.

Ukikosea

Utakosea. Chumba kimoja kitaandikishwa na watu wawili, au simu yenye orodha ya wateja itaibwa ndani ya matatu. Usinyamaze.

1. Wapigie walioathirika wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo. Sema kilichotokea kwa sentensi mbili.
2. Rudisha pesa kabla hujaulizwa.
3. Kama taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na zinaweza kuwadhuru, sheria inakutaka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Usisubiri mpaka upate maelezo yote.
4. Badilisha nywila zote, na uandike ulichofanya na saa uliyofanya.

Taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kuibwa kwako. Ndiyo sababu nilisisitiza fomu iwe fupi.

Kwa vijana mnaotengeneza tovuti

Mnasoma kwenye vyuo vikuu vya Nchiru, Chuka na Embu, mnatoka na ujuzi mzuri, kisha mteja wa kwanza anawaambia mfiche kitufe cha kujitoa. Mnaogopa kupoteza kazi. Msimhubirie. Mkalisheni mteja kwenye kiti cha mnunuzi: mpeni simu, mwambieni aghairi oda kwenye tovuti ya mshindani wake, na mngojee akasirike. Mara nyingi hapahitajiki maneno zaidi.

Akishikilia kwamba muweke shuhuda za uongo au mchukue namba za watu bila ridhaa, kataeni kwa maandishi. Meru na Embu si miji mikubwa. Jina la aliyejenga mtego linajulikana haraka, na la aliyekataa kuujenga nalo linajulikana.

Wewe mwenye duka au gesti, jioni ya leo kabla hujafunga, azima simu ya mtu mwingine, weka oda kwenye tovuti yako mwenyewe, kisha jaribu kuighairi. Ukishindwa, mpigie fundi wako kesho asubuhi.